Somo wako ni Marta: tarehe 29 Julai upike nini?

Mama Marta wa Katuba, Lubumbashi, ameuliza hivi (nimefupisha kidogo): "Nyumbani kwa kambo, mzazi wa mzazi wangu, kila mtakatifu alikuwa na sahani yake. Petro na Paulo, samaki. Yosefu, maharage. Nikola, vitumbula (maandazi ya mviringo) na maembe. Siku ya somo wangu, mtakatifu wa jina langu, 29 Julai, nilipikiwa vinkubala (viwavi vilivyokaushwa) na kupewa munkoyo (kinywaji cha mahindi na mizizi) kwa kikombe kikubwa. Nataka kuwafanyia wanangu vivyo hivyo. Mama mkwe anasema ni sheria ya Kanisa ya tangu zamani, nisikosee hata sahani moja. Mume wangu anasema kambo alibuni tu. Nani anasema kweli? Na mbona vitumbula vya siku hizi havina utamu ule?"

Mama Marta, tuanze na mama mkwe, maana huyo ndiye utakayekaa naye mezani. Mwambie kwa heshima zote kwamba Kanisa halina sheria ya vitumbula. Sheria zake kuhusu chakula karibu zote ni za kunyima, si za kupakua: kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kuacha nyama siku za Ijumaa, kutokula saa nzima kabla ya komunyo. Hakuna askofu aliyeketi akaandika kwamba Yosefu ni maharage. Tena sheria hiyo ya Ijumaa hulegea ikiangukiwa na sherehe kubwa. Sikukuu ya Yosefu, 19 Machi, ikiwa Ijumaa katikati ya Kwaresima, unaweza kumchinjia mbuzi na usiwe na la kuungama.

Lakini mume wako asianze kucheka. Kambo hakubuni. Wanafunzi wangu wa upishi wanapoeleza walichokula utotoni, mmoja katoka Ruashi, mwingine Kamalondo, mwingine Kipushi, sahani wanazozitaja zinafanana mno, na wazee wao hawakuwahi kukutana wakapatana. Nionavyo mimi, sahani za kambo zilipangwa na watatu: kalenda ya Ulaya, mvua ya Katanga na siku ya mshahara. Watakatifu wenyewe hawakuulizwa.

Chukua kalenda kwanza. Sikukuu ya mtakatifu kwa kawaida ni siku aliyofariki, maana Kanisa huihesabu kuwa siku aliyozaliwa mbinguni. Tarehe hizo zilikusanywa na watu wa Mediterania na Ulaya, na majiko ya huko yakazifuata kwa majira ya huko. Desemba kwao ni baridi na giza, shambani hakuna kitu, kwa hiyo Wabelgiji humpa Nikola vitu vinavyokaa: chokoleti, biskuti kavu za viungo ziitwazo speculoos, na machenza yaliyotoka nchi za kusini. Usiku wa tarehe 5 mtoto huacha kiatu chake na karoti ya punda wa huyo mzee, asubuhi anakuta karoti imeliwa na kiatu kimejaa. Kule Sisilia, Yosefu hupewa maharage makubwa kwa sababu watu husimulia kwamba ndiyo yaliyowaokoa wakati wa ukame. Na Laurenti, shemasi wa Roma aliyeuawa mwaka 258, amekuwa msimamizi wa wapishi kwa njia ambayo ni wapishi tu wangeweza kuifikiria: masimulizi yanasema alichomwa juu ya wavu wa chuma, akawaambia watesi wake wamgeuze, upande huu umeiva. Siku yake ni 10 Agosti. Wauza mishikaki wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, wakitafuta somo, huyo hapo.

Kalenda hiyo ilitufikia haraka. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, reli kutoka Rodesia ikaingia mwaka huo huo, na mwaka 1911 Wasalesiani wa Don Bosco, wamisionari Wakatoliki, wakafika. Tarehe zilisafiri salama. Vyakula havikusafiri, au vilisafiri kwa bei ambayo mama wa kambi ya wafanyakazi hakuweza kuigusa. Hebu fikiria chenza na biskuti za mdalasini tarehe 6 Desemba kwa familia yenye watoto wanane.

Hapo ndipo mvua inapoingia. Tarehe 6 Desemba Lubumbashi si baridi wala giza. Mvua zimekwisha kuanza, maembe yanaanguka usiku juu ya mabati, matunda ya masuku yanaletwa kutoka porini kwa ndoo, inswa (kumbikumbi) wamekwisha kuruka na watoto wamekwisha kuwakimbiza na beseni la maji chini ya taa. Bowa, uyoga wetu, unaanza kuonekana kando ya barabara ya Kasumbalesa, umepangwa kwa mafungu juu ya majani. Shida ya mwezi huo ni wingi. Ukimpa mtoto embe siku hiyo, humpi embe, kwa kuwa alikwisha kula mengine matano tangu asubuhi. Unampa embe la Nikola, lililooshwa, lililokatwa vipande na kuwekwa kwenye sahani ya wageni. Hicho ndicho kambo wengi walichofanya, nami nawavulia kofia. Walichukua kitu kilichojaa uani wakakifanya zawadi kwa kubadilisha sahani tu.

Niseme neno juu ya Barbara, kwa kuwa ametajwa kidogo mno kwa mji wa shaba kama huu. Siku yake ni 4 Desemba. Anasimuliwa kwamba baba yake mwenyewe alimuua na hapo hapo radi ikampiga huyo baba, ndiyo maana wachimba migodi na wote wanaoshika baruti wanamhesabu kuwa wao. Mwaka 1969 Roma ilimtoa kwenye kalenda ya jumla kwa kuwa historia yake haishikiki vizuri, lakini wachimba migodi hawakusoma tangazo. Na angalia tarehe: mwanzo wa Desemba, wakati radi ya Lubumbashi inapiga mpaka mbwa anaingia chini ya kitanda cha mwenye nyumba. Sijui mtakatifu mwingine ambaye tarehe yake ya Ulaya ilitua kwetu kwa usahihi namna hiyo. Sahani hana. Nadhani watu walikuwa wakimwomba kuliko kumpikia.

Wa tatu ni mshahara, naye ndiye mwenye nguvu kuliko wenzake. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba iliyoundwa mwaka 1906, haikuwalipa watu wake fedha tu. Iliwapa posho, unga wa mahindi, samaki mkavu, karanga, mafuta ya mawese, chumvi. Vitumbula havimo humo. Vitumbula vinataka unga wa ngano, sukari na mafuta ya kutosha kuzamisha, yaani vinataka noti. Sasa hesabu: mshahara hutoka mwisho wa Novemba, na kati ya 1 na 8 Desemba kuna sikukuu zimesongamana kama abiria wa teksi-basi: Eligi wa wafua vyuma tarehe 1 (na tangu mtawa wetu Anuarite Nengapeta atangazwe mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, siku hiyo ni yake pia), Barbara tarehe 4, Nikola tarehe 6, Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili tarehe 8. Nikola ana bahati, amekuja mfuko ukiwa bado na kitu. Mtakatifu wa tarehe 27 hupikiwa sombe (majani ya muhogo) bila mafuta, na anashukuru.

Petro na Paulo hawana fumbo kubwa. Katedrali ya Lubumbashi ni yao, siku yao ni 29 Juni, na kesho yake ni Uhuru wa Kongo, kwa hiyo sufuria iliyowekwa motoni siku hiyo haikushuka mpaka tarehe 30 jioni. Petro alikuwa mvuvi, samaki anamstahili. Ila ungemuuliza kambo kwa nini samaki alikuwa mzuri siku hiyo, angekujibu kwa jina moja tu: Kasenga. Huko, kilomita 200 hivi kutoka mjini, ndiko samaki wa mto Luapula na ziwa Mweru walikopakiwa kuja kwetu, na biashara hiyo kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa Wagiriki wenye mashua na malori. Juni ni kiangazi na baridi kali asubuhi: barabara imekauka, samaki hawaozi njiani. Tena upande wa Zambia uvuvi hufungwa kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, kwa hiyo miezi ya mvua samaki hupungua, na Juni sokoni kumejaa. Jambo la kufurahisha ni kwamba tilapia wa ziwa la Galilaya, ambao Petro bila shaka aliwatoa wavuni, ni ndugu wa hao hao wa Mweru. Mtume huyo angekaa mezani kwa kambo wako akamtambua samaki kabla ya kuonja bukari, ugali wetu. Paulo alikuwa fundi wa mahema. Huyo anakula kama mgeni wa mwenzake.

Ukiwa na watoto wadogo na samaki wa miiba, kumbuka pia Blasi, 3 Februari, askofu anayesimuliwa kwamba alimwokoa mtoto aliyekwamwa na mwiba kooni. Ndiye ambaye kwa ajili yake padri huweka mishumaa miwili iliyopishana shingoni mwa watu. Hana chakula maalumu na hahitaji.

Yosefu, sababu ni Kwaresima, basi. 19 Machi kila mwaka iko ndani ya mfungo, nyama haipikwi sana, maharage yapo. Hiyo hadithi ya Sisilia ni nzuri, lakini siamini kwamba ilipitia kwa kambo. Akitaka kula vizuri ana nafasi ya pili tarehe 1 Mei, maana mwaka 1955 Papa Pius XII alimweka kuwa Yosefu Mfanyakazi siku ya wafanyakazi wote. Katika mji wa migodi, hiyo ndiyo sikukuu yake ya kweli, na hapo, isipoangukia Ijumaa, mbuzi anaruhusiwa bila kutafuta kifungu.

Na vinkubala vyako je? Kwanza niwatetee. Wageni wanaoshangaa viwavi mezani wamesahau Injili: Yohane Mbatizaji aliishi kwa nzige na asali ya mwitu, na hakuna anayemcheka. Angeshuka Lubumbashi leo asingeona njaa. Vinkubala hukusanywa wakati wa mvua, vikachemshwa na kukaushwa juani, vikakaa kwenye gunia hadi kiangazi. Kwa hiyo Julai, wakati porini hamna tunda, bowa limekwisha na embe ni maua matupu, chakula cha heshima kilichobaki ghalani ni hicho. Kambo wako alikufungulia gunia. Usidhani alikupa kilichopatikana, alikupa kilichowekwa.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani lilimfanya aishike sana siku ya somo. Mwaka 1972, katika siasa ya "authenticité" (uasilia), Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Mwaka 1974 Krismasi yenyewe ikaacha kuwa siku ya mapumziko ya taifa. Majina yalirudi hadharani baada ya hotuba ya 24 Aprili 1990. Katikati ya miaka hiyo, mtoto aliyebatizwa Marta alikuwa na jina la babu shuleni, la babu kwenye kitambulisho, la babu mbele ya chama. Jikoni hakukuwa na polisi. Sahani ikitoka tarehe 29 Julai, kila aliyekaa pale alijua ni ya nani na kwa nini. Siwezi kusema kila kambo alipika kwa kusudi hilo, wengi walipenda tu kuona watoto wameshiba. Lakini ukiona sikukuu ya jina inashikwa kwa nguvu kuliko siku ya kuzaliwa, katika familia zilizolea watoto wakati ule, usiniambie hakuna uhusiano.

Sasa Marta mwenyewe. Tarehe yake ilipatikana kwa hesabu ya kuchanganya watu. Zamani wengi waliamini kwamba Maria dada yake Marta ndiye Maria Magdalena, ambaye siku yake ni 22 Julai. Wakahesabu siku nane kuanzia hapo, kama ilivyokuwa desturi, wakampa Marta ya nane. Sasa haichukuliwi tena kwamba ni mtu mmoja, na tangu mwaka 2021 tarehe 29 ni ya ndugu wote watatu wa Bethania, Marta, Maria na Lazaro. Kwa maana hiyo ukimpikia Marta peke yake siku hizi umewanyima wenzake, na Lazaro alikwisha kukaa na njaa siku nne.

Kila anayemjua Marta anamjua kwa Luka sura ya 10: yeye anahangaika na utumishi, dada yake amekaa miguuni pa Bwana anasikiliza, anakwenda kulalamika, anaambiwa "Marta, Marta, unasumbuka kwa mambo mengi." Wahubiri wanaipenda sana sehemu hiyo, hasa wale ambao hawajawahi kupikia watu kumi na tatu waliofika bila kutuma habari. Mimi huwa nawakumbusha Yohane sura ya 12. Siku sita kabla ya Pasaka wanamwandalia tena chakula Bethania, na Marta yuko pale pale anahudumu. Hajasusa, na safari hii hakuna aliyemkosoa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kuhusu 29 Julai hauhusu chakula: siku hiyo wewe usipike. Panga mapema, onja, toa amri ukiwa umekaa kwenye kiti. Somo wa wapishi hawezi kusherehekewa na mpishi aliyechoka. Kambo wako alikupikia wewe kwa sababu ulikuwa mtoto. Sasa wanao wana mikono.

Munkoyo uanze siku mbili kabla, na huo nakushauri uusimamie mwenyewe kwa kuwa ndio unaoharibika kwa haraka ya watu. Nunua mizizi kwa mama unayemjua sokoni, anayekuuzia kila mara, maana porini kuna mizizi mingine inayofanana nayo ambayo si ya kunywa. Iponde mpaka iwe nyuzi. Pika uji mwepesi wa mahindi, uuache uive vizuri, kisha utoe motoni na uuache upoe. Hapa ndipo penye siri yote. Mizizi ina kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari, na uji ukiwa wa kuchemka utakiua. Ukiwa baridi kitalala. Subiri mpaka kidole kivumilie, ukihesabu polepole mpaka tano bila kukitoa. Tia mizizi, koroga. Mwanzo hutaona kitu. Kisha uji uliokuwa mzito unaanza kulegea wenyewe bila kuongezwa maji, mwiko unapita bila kugoma, na ukionja umekuwa mtamu ilhali hukutia hata punje ya sukari. Chuja, funika, weka mahali pasipo baridi, maana usiku wa Julai kwetu unaweza kuchelewesha kila kitu. Kesho yake ni wa watoto. Kesho kutwa unaanza kuuma ulimi na ni wa wajomba. Wale wanaotia sukari nyingi ili uwahi siku hiyo hiyo wanakunywa uji wenye sukari, wauite wapendavyo.

Vinkubala vilowekwe kwenye maji ya moto, vioshwe kwa maji matatu au manne mpaka beseni lisibaki na mchanga chini. Watu huruka hatua hii, kisha wanasema watoto wa siku hizi hawapendi chakula cha asili. Mtoto hakatai asili, anakataa mchanga. Chemsha na chumvi mpaka vilainike, kausha maji, kaanga kwa mafuta kidogo mpaka vilie kikaangoni, ndipo utie kitunguu, nyanya na pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Kando weka viazi vitamu vya kuchemsha na karanga za kukaanga, vyote vinapatikana Julai bila kusumbua mtu. Kikanda, kile chakula cha mizizi iliyopondwa, ukikipata, nunua kipande kidogo tu cha kukumbukia. Mizizi yake ni ya okidi za porini, inachimbwa kuliko inavyoota, na tamaa ya chakula hiki ilifika mpaka nyanda za juu za Tanzania, ambako okidi za Kitulo zimechimbwa ili kulisha wapenzi wake wa upande huu. Mwanzo wa mwaka hutakipata kwa bei ya zamani hata ukiomba kwa watakatifu wote.

Vitumbula. Umeuliza kwa uchungu, nami nakujibu kwa hesabu. Cha kwanza kilichobadilika ni muda. Siku hizi wengi wanatia chachu nyingi ya dukani na baking powder juu yake, donge linapanda kwa saa moja, linakaangwa, na ladha haijapata nafasi ya kuzaliwa. Kambo alitia kidogo kwa sababu ilikuwa ghali, akaacha beseni usiku kucha chini ya kitenge. Usiku huo chachu inakula wanga polepole na kuacha uchachu mwembamba, ule unaoufikiria unaposema "utamu ule." Jaribu hivi: unga wa ngano gramu 500, maji vuguvugu karibu mililita 400, sukari vijiko vinne vya chakula, chumvi kijiko kimoja cha chai, na chachu robo ya kijiko cha chai, basi. Piga kwa mkono mpaka donge livutike na litoe sauti likiachiwa. Funika jioni, kaanga asubuhi. Julai, kwa baridi yetu, weka beseni karibu na mbabula (jiko la makaa) iliyozimwa lakini bado ina joto.

Cha pili ni mafuta. Zamani mengi yalikuwa mawese yasiyosafishwa, yenye rangi na harufu yake. Ukitumia mafuta meupe yasiyo na harufu utapata kitumbula kizuri, lakini si kile. Changanya, sehemu moja ya mawese kwa tatu za mafuta meupe, usiyachome mpaka yatoe moshi. Dondosha tone la donge: likizama kisha likapanda na mapovu pembeni, anza. Minya donge kati ya kidole gumba na cha shahada, likatoka la mviringo, lisukume ndani kwa upole. Likitoka na mkia, usilitupe. Vyenye mikia ndivyo watoto wanavyovigombania.

Cha tatu huwezi kukinunua. Harufu ni mlango wa fahamu unaoingia karibu sana na sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu na hisia, ndiyo maana mvuke wa mawese unaweza kukurudisha ukiwa na miaka saba kabla hujaona kitumbula chenyewe. Lakini wakati ule ulikuwa na njaa ya mtoto aliyecheza tangu alfajiri, na ulikula cha kwanza kutoka kwenye mafuta, kimesimama, kinachoma vidole. Vya leo unavila vya mwisho, vimepoa, baada ya wageni wote. Kaa karibu na sufuria, chukua cha kwanza kabla ya mtu yeyote, kisha uniambie kama tatizo lilikuwa kwenye unga.

Ikiwa unataka kuongeza mtakatifu mmoja wa jikoni kutoka nchini kwetu, yuko Floribert Bwana Chui wa Goma. Alizaliwa 13 Juni 1981, siku ya Antoni wa Padua, yule wa mkate wa maskini, na kazi yake katika ofisi ya ukaguzi wa bidhaa ilikuwa kuzuia chakula kilichoharibika kisivuke mpaka. Alikataa rushwa ili kukipitisha, wakamuua Julai 2007. Alitangazwa mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025 na anakumbukwa 8 Julai. Sahani yake bado haijapangwa. Mimi ningempa wali, mweupe, uliochambuliwa vizuri, na hapo mama mkwe anaweza kuanzisha sheria mpya akiwa hai kuona inashikwa.

Ikiwa tarehe 29 ni siku ya kazi na shule, hamishia karamu Jumamosi au Dominika ya karibu. Misa ya siku ina tarehe yake, sufuria haina. Bukari mwachie mume wako. Akisema hajui kusonga, Julai ni mwezi mzuri wa kujifunza, kwa kuwa hakuna mtu mjini anayekataa kusimama karibu na mbabula.